Gesi haijaisha, ni nobu: jinsi ya kutumia AC, siti, vioo na redio kwenye gari lililotoka Japani

Januari ikikolea na Dar ikiwa kama jiko, gereji yangu hujaa watu wenye kauli moja: "Fundi, gesi imekwisha." Mama mmoja aliniletea IST yake akiwa ameshajaziwa gesi mara mbili kwingine, na AC bado ilikuwa inapuliza hewa ya uvuguvugu. Sikufungua hata boneti. Nobu ya joto ilikuwa imesimama katikati, mpakani mwa bluu na nyekundu. Niliizungusha hadi mwisho wa bluu, tukakaa. Hazikupita dakika mbili akaanza kujifunika kanga. "Mjukuu wangu ndiye anachezea hapo, fundi," akasema, kisha akaanza kupiga hesabu ya hela alizokwisha kulipa.

Mimi ni fundi umeme na AC. Nikiwaeleza wateja vitufe vizuri napoteza kazi fulani, najua, lakini hizo ni kazi ambazo sizipendi. Haya hapa ninayowaonyesha pale kwenye siti ya dereva, kwa mpangilio uleule. Nazungumzia magari tunayoendesha wengi: IST, Passo, Vitz, Noah, Harrier na ndugu zao. Ukiwa na Nissan au Subaru, mambo mengi ni hayahaya, ila vitufe vimehamahama.

Hatua ya 1: Kaa vizuri, gari likiwa limesimama

Sogeza siti kwa kutumia chuma kilicho chini yake mbele. Kanyaga breki hadi mwisho. Goti libaki limekunjika kidogo. Halafu inua au laza mgongo wa siti mpaka ukinyoosha mkono, kifundo chake kikae juu ya usukani bila bega kutoka kwenye siti. Kati ya kifua na usukani ziwepo angalau sentimita 25, maana eabegi (mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani) ikifyatuka inahitaji nafasi hiyo. Watu wafupi husogea mpaka tumbo linagusa usukani ili waone boneti. Usifanye hivyo. Pembeni mwa siti ya dereva magari mengi yana wenzo wa kupandisha siti juu. Upige kama pampu.

Usukani nao unapanda na kushuka. Shusha wenzo ulio chini yake, uweke unapopenda, kisha rudisha wenzo mpaka ukaze. Kamwe usifanye hivi gari likitembea.

Saiti mira zina swichi ya L na R. Ukimaliza, irudishe katikati ili mkono ukigusa kwa bahati mbaya kioo kisihame. Kitufe cha jirani chenye picha ya kioo kinakunja vioo vyote viwili, na ukiingia vichochoro vya Kariakoo utakishukuru. Kioo cha ndani kina kiulimi chini yake: usiku ukimulikwa na lori nyuma, kivute.

Hatua ya 2: Toa joto kabla ya kuleta baridi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 20 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya hizo hupanda katika nusu saa ya kwanza. Nje ikiwa 33, ndani umevuka 50. Ndiyo maana mtoto haachwi garini hata "dakika moja tu nichukue mkate."

Sasa wewe unaingia, unafunga milango, unawasha AC na kuiweka izungushe hewa ya ndani. Maana yake unaiambia ipoze hewa ya nyuzi 50 wakati nje kuna ya 33 bure. Fanya hivi badala yake. Shusha dirisha la abiria, kisha fungua na ufunge mlango wa dereva mara tano. Unaisukuma hewa ya moto itoke upande wa pili. Majirani watakushangaa, waache. Washa gari, shusha madirisha yote, washa AC ikiwa inavuta hewa ya nje, na anza kuondoka. Baada ya dakika moja au mbili pandisha madirisha na ubadilishe iwe hewa ya ndani. Chama cha waendesha magari cha Japani, JAF, kiliwahi kupima njia hii ya AC huku gari linatembea: joto lilishuka kutoka nyuzi 55 hadi 28 hivi kwa dakika 5.

Hatua ya 3: Vitufe vya AC, kimoja kimoja

Feni. Bila feni, AC haiwaki, hata ubonyeze A/C mpaka kidole kiume. Weka angalau 1.

A/C. Taa yake ndogo ikiwaka, kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, inaanza kazi. Ukisikiliza vizuri utasikia "tak" kutoka mbele na mngurumo wa injini kubadilika kidogo. Taa ikiwaka halafu ikawa inakonyeza yenyewe, hapo nenda kwa fundi. Gari linakwambia kuna hitilafu.

Nobu ya joto. Hii ndiyo iliyomsumbua yule mama. Kwenye magari ya nobu, baridi inatoka kwenye AC na joto linatoka kwenye maji ya injini. Nobu inafungua kilango kinachochanganya hewa hizo mbili. Ukiiweka katikati, AC inapoza kisha hita inapasha palepale. Unachoma mafuta ili upate hewa ya uvuguvugu. Joto la mchana wa Dar linataka mwisho wa bluu, halafu baridi ikizidi punguza feni kwanza.

Kwa sababu hita inatumia moto wa injini ambao ungepotea hata hivyo, haikuongezei mafuta. Watu wa Njombe na Mbeya wanalijua hili kila Juni na Julai. Na siku injini ikianza kuchemka mlimani, zima A/C, fungua hita hadi mwisho na feni hadi mwisho. Utatokwa jasho, lakini unaisaidia rejeta kupunguza moto wakati unatafuta mahali salama pa kuegesha.

Kitufe cha mshale. Picha ya gari lenye mshale unaozunguka ndani ni hewa ya ndani; mshale unaoingia kutoka nje ni hewa ya nje. Nyuma ya daladala inayotoa moshi, weka ndani. Kwenye vumbi, weka ndani. Lakini usisahau ikabaki hivyo safari nzima ya Dodoma mkiwa watano. Hewa mnayoipumua inajaa humohumo, vichwa vinakuwa vizito, dereva anaanza kupiga miayo mnadhani ni ugali wa Morogoro. Kila nusu saa fungua ya nje kwa dakika chache.

MODE. Mshale wa usoni ni kwa baridi, kwa sababu baridi hushuka yenyewe. Mshale wa miguuni ni kwa hita, kwa sababu joto hupanda. Basi.

Hatua ya 4: Kama gari lako lina AUTO

Bonyeza AUTO, weka nyuzi 24 au 25, achana nalo. Watu huweka 18 wakiamini litapoa haraka. Haliharakishi kitu, gari likiwa la moto, mfumo unasukuma feni juu na baridi kamili hata ukiweka 24. Tofauti ni kwamba kwa 18 litaendelea kusukuma mpaka mnagandishwa, mnazima, mnatokwa jasho, mnawasha tena.

Jambo moja la hapa kwetu. Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kuna kijikitu cheusi cha duara. Ni sensa ya jua, inayoiambia AUTO jua ni kali kiasi gani. Tunaifunika kwa yale mazulia ya manyoya, halafu tunalalamika AUTO haina akili. Toboa zulia, au litoe.

Hatua ya 5: Ukungu kwenye kioo

Mvua ya masika inapiga, mko wanne ndani, kioo kimekuwa cheupe. Dereva anazima AC kwa sababu "nje kuna baridi" na kuanza kufuta kwa kitambaa. Hapo anaongeza tatizo. AC inakausha hewa, na ndiyo dawa ya ukungu hata wakati wa baridi. Washa A/C, weka hewa ya nje, elekeza kwenye kioo cha mbele, pandisha feni, na ongeza joto kidogo kama mnasikia baridi. Magari mengi yana kitufe chenye picha ya kioo cha mbele na mishale mitatu ya kupinda kinachofanya karibu yote hayo kwa mpigo mmoja.

Lakini pwani tuna ukungu wa pili. Usiku wenye unyevu, umeelekeza baridi kwenye kioo, na ukungu umekaa kwa nje. Pima kwa kidole: futa upande wa ndani. Usipotoka, uko nje. Piga waipa na uhamishe hewa ya baridi kutoka kwenye kioo. Ukiongeza AC hapo unazidi kukipoza kioo na ukungu unarudi.

Kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba zinazopashwa moto kwa umeme. Kitufe chake ni picha ya mstatili wenye mishale. Kinakula umeme mwingi, na kwenye magari mengi kinajizima baada ya muda. Kisipojizima, kizime wewe. Ukibandua tinti, usizikwangue nyaya hizo kwa wembe.

Hatua ya 6: Harufu ya soksi

Dakika tatu kabla ya kufika, zima A/C lakini acha feni. Sehemu inayotoa baridi huwa imelowa, na feni inaikausha. Ukizima vyote kwa pamoja kila siku, ukungu unaota humo na harufu yake unaifahamu. Maji yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria si ugonjwa, ni unyevu uliokaushwa kutoka hewani. Ugonjwa ni zulia la miguuni mwa abiria likilowa: mrija wa kutoa maji umeziba, na mara nyingi kuuzibua ni kazi ndogo.

Filta ya AC kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Toa vitu vyote, minya kuta mbili za droo kwa ndani, iangushe chini, fungua kifuniko cha plastiki, vuta filta. Angalia mshale wake kabla ya kutoa, uirudishe au uweke mpya vilevile. Kwa barabara zetu za vumbi ichungulie kila kilomita 10,000. Nimewahi kutoa moja yenye kiota cha panya na nusu ya maandazi.

Hatua ya 7: Madirisha na milango

Kitufe chenye picha ya dirisha lililofungwa, kwenye mlango wa dereva, kinazuia madirisha mengine yote. Watu wananiletea gari wakisema mota tatu zimekufa siku moja. Bonyeza hicho kwanza. Mlango wa nyuma unaofunguka kwa nje tu nao si mbovu: fungua mlango, tazama ubavuni mwake, kuna kiulimi cha loki ya watoto.

Betri ikishatolewa, dirisha la dereva hupoteza ile AUTO ya kupanda lenyewe. Kwa Toyota nyingi: weka swichi ya kuwashia gari ON, shusha kioo nusu, vuta swichi ya dirisha juu hadi kifunge kabisa, na uendelee kuishikilia sekunde chache. Linarudi.

Hatua ya 8: Kigurudumu chenye namba 0 mpaka 5

Kiko karibu na usukani na hakuna anayekigusa. Kinashusha mwanga wa taa kubwa. Uko peke yako, 0. Ukijaza watu nyuma na magunia ya viazi kwenye buti, pua ya gari inainuka na taa zako zinawapofusha wanaokuja. Panda hadi 3 au zaidi, mpaka mwanga urudi barabarani. Magari mengine taa hujishusha zenyewe, kwa hiyo usipokiona usikitafute.

Hatua ya 9: Yule dada anayeongea Kijapani

Ukiwasha gari anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za Japani bila kusimama. Hapa haina kazi. Kiboksi chake huwa ndani ya droo, chini ya usukani au karibu na kinga jua. Mwambie fundi achomoe soketi yake, asikate nyaya.

Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, na baadaye 95. Zetu, Tanzania, Kenya na Uganda, zinaanza 87.5 hadi 108. Ndiyo sababu unapata stesheni mbili tatu tu. Mafundi wa redio hufunga ekspanda, kijiboksi kinachoshusha namba za stesheni ili redio izishike, kati ya antena na redio. Uliza inapunguza ngapi. Ikiwa ni 12, stesheni ya 98.0 itafute kwenye 86.0. Huna haja ya kubahatisha tena, toa tu 12.

Na ile kadi ndogo ya kumbukumbu iliyomo kwenye redio za Toyota zenye skrini ni ya ramani ya Japani. Watu huichomoa, wanaifuta, wanatia nyimbo. Siku betri ikitolewa, redio nyingi za aina hiyo zinaidai kadi ileile na kukataa kuwaka bila hiyo. Iache mahali pake. Nyimbo zitoke kwenye simu.