Kuchora njia za fedha kwa sindano kwenye kioo, kisha kuzipima

Kuchora kwa wino moja kwa moja hakuhitaji barakoa ya mwanga (bamba lenye mchoro wa kuchuja mwanga) wala chumba kisicho na vumbi. Sindano nyembamba inapita juu ya kioo, presha inasukuma wino mzito wa fedha, na njia ya umeme inabaki pale sindano ilipopita. Hapa lengo ni njia moja ya milimita 20 yenye upana wa mikromita 200 hivi, ambayo ukiulizwa ukinzani wake unaweza kuutetea.

Mashine inaweza kuwa printa ya 3D ya kawaida. Nyingi zina hatua 80 kwa milimita upande wa X na Y, na 400 upande wa Z, yaani unaweza kushusha sindano kwa mikromita 2.5. Ng'oa kichwa cha kuyeyushia plastiki, funga bomba la sindano la mililita 3 lenye mdomo wa kuzungusha, na uliunganishe na kompresa kupitia regulata (kidhibiti presha) na kichujio cha maji. Vali iwe ya njia tatu. Ya njia mbili ikifunga, hewa inabaki imenaswa ndani ya bomba na wino unaendelea kutoka hata baada ya kuamuru usimame. Ya njia tatu huitoa hewa hiyo nje papo hapo. Iwashe vali kwa waya za feni ya printa: amri ya M106 S255 hufungua, M107 hufunga. Tanguliza M400 kila mara ili mashine imalize mwendo kwanza. Vali isipolingana na volti au nguvu ya waya hizo, tumia relei, na usisahau diodi sambamba na koili.

Sindano ya geji 30 ina tundu la mm 0.16. Kabla ya kuinunua, soma karatasi ya wino, yaani maelezo ya mtengenezaji wake: chembe kubwa kuliko zote isizidi sehemu moja ya kumi ya tundu. Wino wenye vipande bapa vya mikromita 25 utaziba tu, na kuongeza presha hakusaidii. Kiyeyushi hupita, fedha inajibana nyuma na kuwa kizibo. Sindano ya plastiki iliyochongoka kama koni hudai presha ndogo kuliko ya chuma iliyonyooka, kwa sababu sehemu yake nyembamba ni fupi.

Wino ukitoka kwenye friji, uache ufikie joto la chumba ukiwa umefungwa, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu yake. Koroga taratibu kutoka chini, maana fedha hutuama. Jaza bomba kutokea nyuma, kisha lizungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha inayotoa mapovu) dakika chache kwa kasi ndogo. Povu moja dogo likibaki utaliona baadaye: njia inakatika ghafla, halafu linafuata tone nene.

Osha kioo kwa sabuni, maji, kisha pombe ya isopropili, na ukikaushe. Jaribio rahisi: maji safi yatande kama utando mmoja. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta.

Sasa urefu wa sindano juu ya kioo. Kazi nyingi huharibikia hapa. Anza na mm 0.13, karibu asilimia 80 ya tundu. Karatasi ya ofisini ya gramu 80 ina unene wa mm 0.1 hivi: shusha sindano mpaka karatasi ianze kukwaruza, iandike hiyo kuwa 0.1, kisha panda. Fanya hivyo kwenye pembe zote nne za kioo, si moja. Meza ikiinama mm 0.05 tu, mwanzo wa njia utakuwa mzuri na mwisho wake mbovu. Sindano ikiwa juu mno, wino hujikunja kama nyoka au hukatika. Ikiwa chini mno, hulima katikati ya njia na wino hupanda ubavuni mwa sindano. Hapo simama, futa, anza upya.

Presha usiikisie kwa macho. Kwa kasi ya mm 5 kwa sekunde na tundu la mm 0.16, unataka milimita za ujazo 0.1 kila sekunde. Kama densiti ya wino ni gramu 3 kwa sentimita ya ujazo, hiyo ni miligramu 18 kwa dakika. Toa wino dakika moja juu ya kipande cha kioo kilichopimwa, pima tena kwa mizani ya miligramu 1, na rekebisha presha mpaka upate namba hiyo. Usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye bomba.

Kila mchoro uanze na mstari wa kuamshia sindano, pembeni, wa mm 15 hivi, kwa sababu mwanzo siku zote huwa na tone. Funga vali muda mfupi kabla ya njia kufika mwisho. Ukipumzika, ncha ikae kwenye sponji yenye kiyeyushi cha wino huohuo.

Chora njia yenye vibao vinne vya mm 2, yaani sehemu pana za kuunganishia nyaya za kipimo: viwili vya mwisho kabisa kwa mkondo, na viwili vya ndani, mm 20 kati yao, kwa volti. Vibao vya ndani viguse njia kwa mikono myembamba ya pembeni, visikae juu yake.

Kausha kwa nyuzi 70 dakika 15 kabla ya kupandisha hadi joto lililoandikwa kwenye karatasi ya wino, mara nyingi 150 kwa nusu saa. Ukiruka ukaushaji, kiyeyushi huchemka ndani na kuacha vinundu vyenye matundu. Oveni hiyo isirudi jikoni, na hewa ipite.

Upana upime kwa hadubini, sehemu tano. Unene: kaza fokasi kwenye kioo, kisha kwenye kilele cha njia, ukisoma kirungu cha fokasi ndogo, lenzi ya 40 hutosha. Njia ina umbo la kuba, kwa hiyo eneo la mkato ni theluthi mbili ya upana mara kimo. Mikromita 200 kwa 30 hutoa 4,000 za eneo.

Multimita ya kawaida haifai kupimia ukinzani huu. Njia ya namna hii inaweza kuwa na omu 0.4, na nyaya za multimita peke yake zinaweza kuwa na kiasi hichohicho. Pitisha miliampea 100 kwenye vibao vya nje, soma milivolti kwenye vya ndani, geuza mkondo, soma tena, chukua wastani wa ukubwa wa namba mbili. Milivolti 40 ni omu 0.4. Zidisha kwa eneo, gawa kwa urefu: omu-mita 8×10⁻⁸, mara tano ya fedha tupu, ambayo ni 1.6×10⁻⁸. Kwa wino wa aina hii hilo ni jibu la kuridhisha. Ukipata mara hamsini, rudisha kioo kwenye oveni kabla ya kulaumu uchoraji. Ukinzani ukishuka, wino ulikuwa haujaiva. Usiposhuka, tafuta ufa kwa hadubini, ukianzia pale njia inapokutana na kibao.