Kuandaa na Kuendesha Uwanja wa Kulenga Shabaha kwa Usalama na kwa Mujibu wa Sheria

Klabu nyingi zinapopanga kujenga uwanja wa kulenga shabaha, mazungumzo huanzia kwenye idadi ya wapigaji, banda la kupumzikia na ada ya uanachama. Mimi ningeomba yaanzie nyuma ya shabaha, kwa sababu risasi iliyopiga katikati ya karatasi na ile iliyoikosa kabisa zote huendelea na safari, na uwanja hujengwa kwa ajili ya hiyo iliyokosa. Hata risasi ndogo ya kipimo cha .22, ambayo wengi huifanyia mazoezi ya kwanza, inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1, na za bunduki za kuwindia huenda mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo, kabla hamjalipia kiwanja, tembeeni kwa miguu kuufuata mwelekeo wa kulenga na mwandike kila mnachokikuta: shamba, kisima, nyumba, au kijia kilichochongwa na ng'ombe ambacho hakimo kwenye ramani yoyote lakini mchungaji hukipita kila siku. Ni vyema pia mstari wa kulenga uende kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mpigaji usoni.

Tuta la kuzuia risasi ndilo moyo wa uwanja, na ndilo linalostahili sehemu kubwa ya fedha zenu. Lijengwe kwa udongo au mchanga uliochekechwa, kwa kuwa jiwe moja lililofichika linaweza kuirudisha risasi kwa wapigaji. Upande wake unaotazama shabaha uwe na mwinuko mkali, na ncha zake zishikane na matuta ya pembeni. Matairi yaliyopangwa peke yake hayatoshi, kwani mpira nao huweza kurudisha risasi. Vipimo vya urefu na unene visikisiwe. Aitwe mhandisi, naye aelezwe aina ya silaha na umbali mtakaotumia, kwa maana uwanja wa bastola wa mita 25 si sawa na wa bunduki wa mita 50. Baada ya kila masika tuta likaguliwe, kwa sababu mvua hulishusha kimyakimya. Vilevile, nyuma ya kila shabaha vipande vya risasi hurundikana mahali pamoja hadi vikawa kama bamba gumu, na risasi inayofuata ikilipiga hudunda. Pachimbwe, pachekechwe na kujazwa upya.

Kwa upande wa sheria, Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Jeshi la Polisi ndilo mlango wa kwanza wa kubisha. Wafikieni mapema, mchoro ukiwa bado wa penseli. Halmashauri itahusika na kibali cha ujenzi, na NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, waulizwe mradi wenu unahitaji tathmini gani ya mazingira. Wenzetu wa Kenya huanzia kwenye bodi yao ya leseni za silaha.

Uwanja ukishafunguliwa, mstari wa kufyatulia uwe na msimamizi mmoja ambaye siku hiyo hapigi. Amri za kuanza ni zake peke yake, lakini amri ya kusitisha yeyote anaweza kuipaza, hata mgeni aliyefika leo, na wote watii bila kuuliza sababu. Watu wanapokwenda kubadilisha karatasi, kila bunduki ibaki mezani, magazini (kasha la risasi) imetolewa, chemba inamokaa risasi ikiwa wazi, mdomo ukielekea kwenye tuta, na mtu asiiguse hata kwa kuipangusa vumbi.

Niliwahi kusimamia mstari ambapo kijana mmoja alivuta triga, bastola isilie. Aligeuka nayo mkononi, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, imegoma." Mdomo wa bastola ulikuwa unatazama tumbo langu. Hakuwa mkaidi, hakuna aliyekuwa amemfundisha. Tangu siku hiyo, kila mgeni huanza kwa kufundishwa jambo hilo kabla hajashika chochote: silaha ikigoma, baki ulivyo, ielekeze kwenye tuta kwa sekunde 30 angalau, nyosha mkono usio na silaha, umngoje msimamizi.

Miwani ya kinga na vikinga masikio ni kwa kila aliye karibu na mstari, watazamaji nao, maana mlio wa bastola unaweza kupita desibeli 140. Hatari isiyosikika ni vumbi la risasi, na hapa namaanisha ile metali ambayo lugha yetu imeipa jina moja na kinachofyatuliwa. Pasiliwe chakula wala kuvutwa sigara mstarini, mikono na uso vioshwe kwa sabuni kabla ya kuondoka, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa ikiwa kavu. Wajawazito na watoto wakae mbali na vumbi hilo.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bendeji za kukaza za kuzuia damu, na watu wawili wajue kuzitumia. Jina la mahali namna dereva wa gari la wagonjwa anavyolijua libandikwe ukutani. Jioni, msimamizi ahesabu silaha na risasi zilizobaki, alinganishe na daftari la asubuhi, atie saini, ndipo bendera nyekundu inayoonya kuwa uwanja unatumika ishushwe.