Jinsi ya Kujifunza Kutoka Onyesho la Bustani la Majira ya Kuchipua Kabla ya Kununua Mche Wowote

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia jirani aliyerudi kutoka onyesho la bustani akiwa na mifuko iliyojaa miche, picha nyingi za maua yasiyo na majina, na mashaka makubwa kuhusu nini kipandwe wapi. Unawahusu watu wanaotunza bustani za nyumbani katika nchi zenye majira ya baridi na ya kuchipua, na unachukulia kwamba msomaji tayari anajua kuchimba, kupanda na kumwagilia. Msimamo wangu nautaja mapema: onyesho ni mahali pa kukusanya majina na kuuliza maswali, na ununuzi hufaa uje baada ya kila jina kuhakikiwa nyumbani.

Hatua ya kwanza: Ijue bustani yako

Chora ramani ya bustani kwa vipimo halisi vilivyochukuliwa kwa futikamba, uonyeshe upande wa kaskazini na sehemu zinazopata jua kwa saa sita au zaidi kwa siku. Kisha chukua sampuli ya udongo: chimba katika sehemu kumi hivi za eneo moja, kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye udongo huo katika ndoo ya plastiki iliyo safi, uuache ukauke kivulini, halafu upeleke kiasi kidogo maabara. Ndoo ya mabati haifai, kwa kuwa zinki yake inaweza kuingia katika sampuli na kupotosha majibu. Vile vijiti vya bei nafuu vinavyochomekwa ardhini ili kupima uchachu wa udongo sivipendekezi kwa mtu yeyote. Majibu yake hayaaminiki kiasi cha kumfanya mtu amwage chokaa bustanini.

Hatua ya pili: Chagua onyesho linalofundisha unachokihitaji

Maonyesho hayafanani. Lile la Philadelphia, ambalo Chama cha Bustani cha Pennsylvania kimelifanya tangu mwaka 1829, kwa kawaida huwa ndani ya ukumbi wakati majira ya baridi hayajaisha, kwa hiyo takriban kila ua linaloonekana humo limechanuliwa kwa nguvu katika vitalu nyumba. Lile la Chelsea, London, linaloandaliwa na Royal Horticultural Society (chama cha bustani cha Uingereza), limekuwa likifanyika katika viwanja vya Royal Hospital tangu mwaka 1913, na huja mwezi Mei, nje, ingawa bustani zake hujengwa kwa wiki chache tu na kubomolewa mara baada ya onyesho. Keukenhof ya Uholanzi, ambayo hufunguliwa kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, ni ya aina nyingine kabisa, kwani matunguu (mizizi minene ya maua, yenye umbo kama la kitunguu) yapatayo milioni saba huzikwa ardhini kila msimu wa majani kupukutika, nayo huchanua katika majira yake.

Kwa anayetaka kujua mimea gani huchanua pamoja kwa kweli, bustani ya nje kama Keukenhof inafundisha zaidi ya ukumbi wowote. Kwa anayetaka kukutana na wakulima wa vitalu waliobobea katika jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) na kuwauliza maswali ana kwa ana, hema kuu la Chelsea halina mfano. Onyesho dogo la wilaya au la chama cha wapenzi wa mmea mmoja lisidharauliwe hata kidogo, kwa sababu anayesimama nyuma ya meza huwa ndiye aliyeotesha mimea hiyo, na mara nyingi huitunza katika udongo na hali ya hewa kama ya kwako.

Hatua ya tatu: Nenda

Fika asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na ramani yako, daftari na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu kwa sababu haichuruziki karatasi ikilowa.

Hatua ya nne: Itazame bustani ya maonyesho kama jukwaa

Katika bustani za maonyesho, mimea mingi imo ndani ya vyungu vilivyofichwa chini ya mboji au maganda ya miti, tena imesongamanishwa kwa namna ambayo isingewezekana kuishi hivyo kwa mwaka mmoja. Wakulima huizuia mingine katika vyumba baridi ili ichelewe kuchanua, na huiharakisha mingine kwa joto na mwanga, hadi zote zikutane siku ya majaji. Tulipu, kwa mfano, huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo ziweze kuchanua vizuri zikipelekwa penye joto, na mkulima huhesabu wiki hizo kurudi nyuma kutoka siku ya ufunguzi. Kwa hiyo ukiona mimea miwili imechanua bega kwa bega ukumbini, usiandike kwamba huchanua pamoja. Andika majina yake tu, halafu umuulize mhusika kila mmoja huchanua mwezi gani unapokuwa ardhini bila kusaidiwa.

Mambo yanayofaa kuigwa ni yale yasiyotegemea msimu: upana wa njia, urefu wa ukuta ukilinganishwa na kiti kilicho mbele yake, jinsi majani mapana yalivyowekwa karibu na membamba, na mahali maji ya mvua yanapoelekezwa. Mambo hayo hupimika kwa macho na kwa hatua za miguu, nayo hubaki kuwa kweli hata baada ya maua kunyauka.

Hatua ya tano: Hakiki kila jina

Hatua hii ndiyo iliyotuchelewesha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Ukitaka kupiga picha ya ua, piga kwanza picha ya kibao chake. Kwenye kibao tafuta sehemu tatu: jina la jenasi, jina la spishi, na jina la aina, yaani la mmea ulioteuliwa na watu ndani ya spishi, lililofungwa ndani ya alama moja moja za kunukuu. Sehemu moja ikikosekana, muulize mwenye kibanda, kwa kuwa ukishafika nyumbani huna wa kumuuliza.

Usikubali jina la mtaani. Mmea unaouzwa kama jeranio unaweza kuwa Geranium, ambayo spishi zake nyingi za bustani huvumilia baridi na kurudi kila mwaka, au unaweza kuwa Pelargonium, ambayo asili ya spishi zake nyingi ni kusini mwa Afrika na ambayo huuawa na jalidi, yaani baridi inayogandisha. Wataalamu walizitenga jenasi hizo mbili tangu mwaka 1789, lakini vibao vya wauzaji havijakubaliana nao hadi leo. Hata jenasi ikiwa sahihi, spishi nayo hubadili kazi: Hydrangea macrophylla kwa kawaida huchanua kutoka katika machipukizi yaliyojitunga kwenye vijiti vya mwaka uliopita, kwa hiyo anayeipogoa sana mwanzoni mwa majira ya kuchipua huondoa maua yake mwenyewe, ilhali Hydrangea paniculata huchanua kwenye vijiti vipya na hupogolewa wakati huohuo bila hasara. Majina ya biashara nayo huongeza mkanganyiko. Waridi lililosajiliwa kwa jina la ‘Madame A. Meilland’ huuzwa kama Peace kwa wasemao Kiingereza, kama Gloria Dei Ujerumani na kama Gioia Italia, na mtu asiyejua hilo anaweza kununua mmea uleule mara tatu.

Baada ya jina, hakiki uvumilivu wa baridi, na hapa tahadhari ni nyingi. Ramani ya kanda za uvumilivu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyosahihishwa mara ya mwisho mwaka 2023, hugawa nchi katika kanda 13 kwa wastani wa halijoto ya chini kabisa ya kila mwaka kuanzia 1991 hadi 2020, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kanda inavyokuwa ya baridi zaidi. Viwango vya Royal Horticultural Society, ambavyo huanzia H1a hadi H7, huenda kinyume chake, kwa kuwa vinaupima mmea wala havipimi mahali: namba kubwa ni mmea unaovumilia baridi kali zaidi. Mmea ulioandikwa kanda ya 7 kwa mfumo wa Marekani hutarajiwa kustahimili hadi kiasi cha nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali ule ulioandikwa H7 hustahimili chini zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukisoma kitabu cha Uingereza huku kibao kikiwa cha Marekani, andika katika daftari ni mfumo gani uliotumika, la sivyo namba hiyo haina maana.

Kumbuka pia kwamba kanda hizo hazisemi lolote kuhusu joto la kiangazi, unyevu wa udongo, wala tarehe ya jalidi ya mwisho. Sehemu mbili zinaweza kuwa katika kanda moja, moja ikiwa na kiangazi kikavu cha kuchoma na nyingine ikiwa na mawingu miezi yote, na mmea mmoja ukastawi huku na kufa kule. Aidha, mmea uliomo ndani ya chungu hupata baridi kutoka pande zote za mizizi, kwa hiyo uliokusudiwa kuishi chunguni uchaguliwe uwe mvumilivu zaidi kuliko kanda yako inavyodai. Tarehe ya jalidi ya mwisho itafute katika kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, na uichukulie kama makadirio, kwa kuwa bonde lililo chini ya kilima hupata jalidi siku ambazo kilima hakiipati.

Hatua ya sita: Nunua kidogo

Kama lazima ununue onyeshoni, nunua mbegu, kisha matunguu na mizizi iliyolala. Tunguu la yungiyungi (Lilium) halina ganda kavu la kulilinda, kwa hiyo likishanywea liache. Kiazi cha dalia kisicho na sehemu ya shina penye jicho hakitachipua, hata kikiwa kinene namna gani. Mche uliochanua ukumbini uache mezani.

Hatua ya saba: Izoeshe miche

Mche uliotoka ndani usipandwe nje siku hiyohiyo. Uweke kivulini nje kwa saa chache, uongeze muda na jua kila siku kwa siku saba hadi kumi na nne, na uuingize ndani usiku wa jalidi.

Hatua ya nane: Endelea kujifunza mahali panapoaminika

Video ndizo zinazotafutwa kwanza, na ndizo ninazozipendekeza mwisho, kwa kuwa mara nyingi msemaji hataji udongo wake wala baridi ya kwake. Nchini Marekani anza na huduma za ugani za vyuo vikuu, ambazo zilipewa msingi wa kisheria mwaka 1914 na ambazo vijitabu vyake hutolewa bure kwenye intaneti. Chini yake wamo Master Gardeners, watu wa kujitolea waliopewa mafunzo ya kuwajibu wakulima wa nyumbani, katika mpango ulioanzia jimbo la Washington mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa majina ya mimea, tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew huonyesha jina linalokubalika sasa na yale ya zamani, ingawa haikusudiwi kutatua majina ya aina za bustani. Kwa kuchagua aina, alama ya Award of Garden Merit ya Royal Horticultural Society ina uzito kuliko medali yoyote ya onyesho, kwa sababu hutolewa kwa mmea unaofanya vizuri katika bustani za kawaida, ilhali medali hutolewa kwa maonyesho ya siku chache.

Unapomwandikia afisa ugani au mtu wa kujitolea kuhusu mmea unaougua, usimpelekee picha ya jani moja. Peleka picha ya mmea mzima pale ulipo, ya jani juu na chini, na ya shina linapoingia ardhini, kisha ueleze jina lake kamili, tarehe uliyoupanda, mara ngapi unaumwagilia, mbolea uliyoitia, na ni majani ya zamani au mapya yaliyoanza kubadilika. Hilo la mwisho hasa lisisahaulike, kwa kuwa upungufu wa naitrojeni huanza kuonekana kwenye majani ya zamani, na ule wa chuma huanza kwenye machanga.