Alikataa au alikana? Somo la kuripoti maneno ya mtu kwa Kiingereza

Mbukwenyi wote, kama wasalimianavyo Wagogo. Somo hili nimewaandalia makatibu wa vikundi na vijana wanaotafsiri mihtasari ya vikao. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa Dodoma mwaka 2016 naletewa kazi hizo kila wiki, na kosa ninalolikuta ni lilelile nililolifanya mimi.

Nilikuwa nautafsiri muhtasari wa ushirika mmoja wa wakulima wa zabibu. Mnunuzi alimletea mweka hazina bahasha ili mzigo wake upimwe kwanza. Muhtasari ulisema: "Mweka hazina alikataa kupokea fedha." Nikaandika "denied receiving the money", yaani alikana kwamba alizipokea. Wafadhili waliposoma, wakauliza uchunguzi umefikia wapi. Mzee yule alikuwa amefanya jambo la heshima, nami kwa neno moja nikamfanya mtuhumiwa. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, na tangu siku hiyo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Tazama mwisho wa kitenzi chako cha Kiswahili.

Hapa ndipo penye uzito, msiparuke. Linganisha: "Katibu alisisitiza mkulima alipe" na "Katibu alisisitiza kwamba mkulima alilipa." Ya kwanza inataka jambo lifanyike, ya pili inasema limekwisha kufanyika. Kiishio cha -e ndicho kinachotenganisha, na hakuna mtoto wa Majengo anayekosea hapo.

Kiingereza nacho kina tofauti hiyo, ila kinaificha. "The secretary insisted that the farmer pay": alipe. "The secretary insisted that the farmer paid": alilipa. Katika ya kwanza kitenzi kinabaki kitupu, hakiongezwi -s ingawa mkulima ni mmoja, wala hakiendi wakati uliopita ingawa "insisted" umepita. Ukiogopa kwamba msomaji atadhani umesahau -s, andika "should pay". Ni sahihi pia.

Sasa angalia "suggest", maana hiki ndicho kinachogombanisha watu. "The chairman suggested that the treasurer keep the money": mwenyekiti alipendekeza mweka hazina azitunze fedha. "The chairman suggested that the treasurer kept the money": mwenyekiti aliashiria kwamba mweka hazina alibaki nazo. Sentensi moja inampa mtu dhamana, nyingine inampaka matope, na kilichobadilika ni "keep" kuwa "kept".

Kwa hiyo kabla ya kugusa Kiingereza, isome sentensi yako kwa sauti. Ukisikia -e, kitenzi cha Kiingereza kiache kitupu. Ukisikia kiambishi cha wakati kama -li-, kipe wakati wake. Hata "kudai" kunyooshe hivyo: alidai alipwe ni "demanded", alidai kwamba alilipwa ni "claimed". Kiswahili ni kitenzi kimoja, Kiingereza ni viwili.

Hatua ya 2. Pasua "kukataa" na "kukubali".

Kukataa kufanya jambo ni "refused to". Kukataa kwamba ulilifanya, yaani kukana, ni "denied", nacho hufuatwa na -ing. "He refused to take the money", hakuzigusa. "He denied taking the money", kuna anayesema alizichukua. Kukubali nako kumegawanyika: kukubali kazi ijayo ni "agreed to", kukubali kosa lililopita ni "admitted", kukubaliana na maoni ya mwenzio ni "agreed that".

Hatua ya 3. Nani atakayefanya?

"She asked to leave", aliomba aondoke yeye. "She asked me to leave", aliniomba niondoke mimi. Neno dogo "me" limemtoa nje mtu mwingine kabisa. Hapohapo kumbukeni kwamba "tell" humtaka anayeambiwa awe jirani yake, "told us", lakini "say" huhitaji "to" katikati.

Hatua ya 4. Wakati.

Sisi husema "Mjumbe alisema anaumwa", na "anaumwa" haitusumbui. Kiingereza hurudi nyuma: "said that she was ill". Ukiacha "is ill", hujakosea, lakini msomaji ataelewa kwamba hadi unapoandika bado anaumwa. Na kama mjumbe alisema *alikuwa* anaumwa, ndipo uandike "had been ill".

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Kongwa: Shikamoo mwalimu. Naweza kuandika "He suggested me to sell"? Maana twasema alinishauri niuze.*

Marahaba. Hapana, "suggest" haimpokei mtu namna hiyo. Andika "He advised me to sell" au "He suggested that I sell". Na usichague kwa bahati: bwana shamba aliyekagua mizabibu yako "advised", jirani aliyetoa wazo mkiwa mnapata chai "suggested".

*Kutoka Mpwapwa: Nikichoka kurudia "said", naweka "claimed". Kuna ubaya, dada?*

Upo, kaka. "Claimed" inaweka shaka yako ndani ya maneno ya mtu, kama magazeti yetu yanapoandika "anadaiwa". Rudia "said" mara kumi kama ni lazima. Muhtasari si shairi, na mjumbe aliyesema kweli hastahili kutiliwa shaka kwa sababu katibu amechoka.

*Kutoka Kondoa: Ofisi yetu iliibiwa. Mlinzi anasema mwenyekiti hakumwambia afunge stoo. Mwenzangu ameandika "told him not to lock the store". Si sawasawa?*

Si sawa hata kidogo, rekebisheni leo. Mlichoandika ni "alimwambia asifunge", na hiyo inamfanya mwenyekiti aonekane mshirika wa wezi. Andikeni "The guard said that the chairman had not told him to lock the store". Kikanushi kikae pale alipokiweka mlinzi mwenyewe.

*Wa Kondoa tena: Na mlinzi amesema anakumbuka kufunga ofisi. Ni "remembers to lock"?*

"Remembers locking". Anayo picha kichwani ya tendo alilokwisha kulifanya. "Remembers to lock" ni mtu asiyesahau kufunga kila jioni, na hilo halituambii lolote kuhusu usiku wa wizi. Kama shauri limefika polisi, maneno yake ya Kiswahili yaandikeni kwanza kama alivyoyatamka, Kiingereza kikae chini yake, kisha asomewe yote mawili kabla hajaweka sahihi.