Ukihisi mpangaji mwenzio anakuchukulia bwana, fanya hivi kabla hujaenda kumsuta

Hizi nyumba zetu za kupanga Dar, Manzese, Tandale, Buguruni huko, vyumba sita vinaangaliana korido katikati, choo kimoja uani, luku (mita ya umeme) moja, yani bwana wako kusimama anacheka na dada wa chumba cha mbele ni kitu cha kila siku na moyo unaweza kukwambia mengi. Naandika sababu nilishamuumiza dada wa watu bure na mpaka leo inaniuma.

Kwanza kabisa angalia vitu mnavyochangia. Mi niliona kwenye simu ya bwana wangu miamala, elfu tatu, elfu tano, inaenda kwa dada wa chumba cha pili, afu meseji yake "asante, leo hatulali giza", nikachanganyikiwa palepale nikatoka uani nikamtukana mbele za watu. Kumbe ndo alikua anakusanya hela ya luku, wote wanamtumia yeye, mi sikujua sababu mchango wetu anatoa bwana. Kwahiyo muulize kwanza jirani mwingine, kawaida tu bila kutaja mtu, "jamani hela ya umeme siku hizi anapewa nani?", halafu linganisha tarehe za miamala na siku luku ilipojazwa.

Khanga nayo inachonganisha sana. Yule dada kaanika ile ya "Japo sipati tamaa sikati" mbele ya dirisha lako, unajua umepigwa kijembe. Kweli wapo wanaosemana kwa khanga, toka enzi za bibi zetu, ila angalia kwanza kamba ziko ngapi na jua linapiga wapi, kama kamba ni hiyo moja angeanika wapi?

Ukiona bado roho haijatulia ongea na bwana wako kwanza, na msiongelee chumbani, dari hamna, sauti inapita juu ya ukuta nyumba nzima inasikia. Tokeni mkatembee, muulize kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, sio ulichoambiwa na mashoga zako. Akikiri basi mdai yeye maelezo, maana aliyekuahidi ni yeye sio yule dada. Na akianza kukupiga usikae kimya, nenda kwa mjumbe au dawati la jinsia polisi.

Kwa yule dada nenda mwenyewe, bila mashoga, mwite dada au mama fulani kama siku zote na uongee taratibu. Mama mwenye nyumba muache kwanza, watu wamelipa kodi ya miezi sita, mmoja akiambiwa ahame hela yake kuirudisha ni kazi na nyie mliobaki mtaishi kwa kununiana.

Ukigundua umekosea, omba msamaha palepale ulipomtukania na mbele ya wale wale waliosikia, sio kwa meseji usiku, sababu jina lake uliliharibu mchana. Mi nilimfata uani asubuhi wote wapo wanafua, nikasema nimekukosea dada, ile hela ilikua ya luku. Hakunijibu, aliendelea kusuuza nguo zake. Ilipita kama wiki hivi ndo akagonga mlango wangu, "mama, mchango wa umeme", na hayo ndo maneno ya kwanza kuniambia tangu siku ile.