Mlio ukibadilika, usikoki: risasi mbovu na kichwa kilichokwama mtutuni

Somo hili ni la wenye silaha za leseni, hasa bastola ya 9 mm ambayo wengi wetu tunayo. Kabla ya hatua zenyewe, zoesha masikio kutofautisha "tik" na "paf".

Tik ni pini imegonga fataki (kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda) na hakuna kilichowaka. Paf ni mlio dhaifu: teke hulisikii, slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) mara nyingi hairudi nyuma yenyewe, pengine moshi unavuja pembeni. Kwenye mazoezi ya kujihami tunafundishwa kwamba bastola ikigoma, gonga magazini, koki (vuta slaidi uiachie), piga tena. Mkono uliozoea hufanya hivyo wenyewe. Kwa tik kwenye hatari ya kweli, zoezi hilo lina kazi yake. Kwa paf linaweza kukupasulia bastola mkononi.

Fataki peke yake, hata ganda likiwa halina baruti kabisa, inaweza kukisukuma kichwa cha risasi kikaingia kwenye mifereji ya mtutu, ila haina nguvu ya kukitoa. Kinabaki humo. Ukipiga nyingine, kichwa cha pili kinakikuta cha kwanza njiani, na gesi, ambayo kwa 9 mm kiwango cha juu cha kawaida ni bar 2,350, inakosa pa kutokea. Mtutu unavimba, au unapasuka.

Kuna kisa ambacho kila mwenye bastola anapaswa kukijua. Tarehe 31 Machi 1993, huko Wilmington, North Carolina, mwigizaji Brandon Lee aliuawa wakati wa kupiga filamu. Rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya .44 ilikuwa imetumika kwanza na risasi za kuonyesha tu kwenye kamera, zilizotolewa baruti lakini fataki ikaachwa hai. Kichwa kimoja kikasukumwa mtutuni na hakuna aliyekagua. Baadaye ikapakiwa risasi ya mlio mtupu (yenye baruti bila kichwa), na baruti yake ikakitoa kile kichwa kama risasi kamili. Kuukagua mtutu mara moja tu kungetosha.

Hatua ya 1. Ukisikia tik au paf uwanjani, kidole nje ya triga, mdomo wa mtutu ubaki kwenye shabaha. Usiigeuze bastola kuichungulia wala usimgeukie jirani. Inua mkono mwingine, mwite msimamizi wa uwanja.

Hatua ya 2. Hesabu sekunde 30 taratibu. Baruti huweza kuchelewa kushika moto. Uwanja wenu ukitaka 60, ziwe 60.

Hatua ya 3. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi, uache kilichomo kianguke chini. Wapo wanaofunika tundu la maganda kwa kiganja ili waidake risasi. Acheni kabisa. Fataki ikijigonga kwenye chuma wakati huo, ganda linapasukia kiganjani.

Hatua ya 4. Tazama kilichoanguka. Risasi nzima yenye alama ya pini iende kwenye chombo cha risasi mbovu, usiirudishe magazini. Ikiwa ni ganda tupu, na ndani ya bastola unaona punje za baruti ambazo hazikuungua, chukulia kichwa kimo mtutuni mpaka uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya 5. Hakikisha chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ni tupu, fungua bastola, utoe mtutu na uangalie mwanga kutokea upande wa chemba. Huoni mwanga? Kimekwama. Slaidi ikikataa kuachana na mtutu, usilazimishe, huenda mtutu umeshavimba.

Hatua ya 6. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali. Yeye hutia mafuta ya kupenyeza, akaacha yafanye kazi, kisha hugonga kwa fimbo ya shaba yenye ncha bapa inayokaribia upana wa mtutu. Msumari au bisibisi hukitanua kichwa kikang'ang'ania zaidi, na chuma kigumu hukwaruza mifereji. Kamwe usijaribu kukitoa kwa kupiga risasi nyingine, hata ile ya mlio mtupu. Kikishatoka, mtutu ukaguliwe: pete nyeusi ndani, au uvimbe unaousikia ukipitisha vidole kwa nje, maana yake mtutu huo umekwisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Risasi zangu zimekaa Tanga miaka mingi, maganda yana ukijani. Nikizifuta kwa mafuta zitafaa?
Marahaba. Hapana. Mafuta yakipenya kwenye fataki huweza kuidhoofisha au kuiua, na hapo ndipo paf zinapozaliwa. Zenye ukijani usizipige. Zilizobaki ziweke pakavu, mbali na kopo la mafuta ya kusafishia silaha.

Mkuu, mashindanoni msimamizi akinisimamisha kwa kudhani imekwama, kumbe haijakwama, napoteza alama?
Kwa kanuni za IPSC (shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha) unarudia zoezi. Ikithibitika kweli imekwama hurudii, unahesabiwa ulichopiga hadi hapo. Usimnunie, amekuokolea mkono.

Kila jioni natoa risasi chemba, asubuhi naingiza ileile. Kuna ubaya?
Upo, kaka. Kila inapogonga mlango wa chemba, kichwa huweza kuzama kidogo ndani ya ganda, na presha hupanda sana ukija kuipiga. Ilinganishe na mpya, zisimame bega kwa bega mezani. Iliyo fupi itoe kwenye matumizi.

Rivolva nayo hukwama?
Ndiyo, na hapo silinda huweza kugoma kuzunguka kwa sababu kichwa kimeishia nusu ndani ya silinda, nusu mtutuni. Usiizungushe kwa nguvu, maana vyumba vingine bado vina risasi hai. Mdomo ubaki kwenye shabaha, fundi aitwe pale pale.

Risasi mbovu nizitupe wapi?
Si jalalani, si chooni, wala usizichome au kuzifungua kwa koleo. Ziache kwenye chombo cha uwanjani. Kama ziko nyumbani, zipeleke kituo cha polisi pamoja na kitabu chako cha leseni, waziandike zilipopokelewa ili idadi yako ibaki sawa.