Kuzalisha simbilisi: umri wa jike na majani mabichi

Banda la simbilisi (guinea pig) halina ufundi mkubwa. Mita moja kwa mita moja linatosha dume mmoja na majike watano, na kuta za sentimita 40 zinatosha kwa kuwa simbilisi si mpandaji. Wavu wa juu ni wa kuzuia paka na nyoka. Sakafu iwe ya saruji au mbao, itandikwe nyasi kavu zinazobadilishwa kila wiki. Waya wenye matundu makubwa huwavunja miguu. Kwenye baridi ya Kabale na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ongeza matandiko na uzibe upepo. Gulu na Arua, kaskazini kwenye joto, tafuta kivuli kwanza, maana joto likipita nyuzi 30 majike wenye mimba ndio huanza kufa.

Majike wengi wanaofia kwenye uzazi walichelewa kupandishwa. Jike akifika miezi 7 hajazaa, maungio ya mifupa ya nyonga hukakamaa, na siku ya kuzaa hayaachani vya kutosha. Watoto wa simbilisi nao si wadogo: huzaliwa na manyoya na macho wazi, gramu 60 hadi 100 kila mmoja. Wanakwama, na mama anakufa nao. Kwa hiyo mpandishe akiwa na miezi 3 hadi 4, uzito usipungue gramu 450. Aliyepitiliza umri huo mpeleke jikoni, hata awe mzuri vipi.

Mimba ni siku 59 hadi 72, mara nyingi 68. Wiki tatu za mwisho usimhamishe wala kumbadilishia chakula ghafla. Jike mnene akigoma kula kipindi hicho, anaweza kufa katika siku chache. Saa chache baada ya kuzaa huingia tena kwenye joto, na dume akiwa karibu hangoji. Mimba za kufululiza humchakaza jike, kwa hiyo mtoe dume wiki moja kabla ya kuzaa, umrudishe watoto wakishaachishwa.

Watoto hudokoa majani tangu siku za kwanza, lakini waache wanyonye wiki tatu. Siku ya 21 toa watoto madume wote, siku hiyohiyo, la sivyo watapanda mama na dada zao. Kuwatambua, bonyeza taratibu kwa kidole juu kidogo ya tundu la uzazi: uume wa dume huchomoza. Dume mzazi naye mbadilishane na jirani kila mwaka ili damu isijirudie.

Kwenye chakula, kumbuka kwamba simbilisi, kama binadamu, hatengenezi vitamini C mwilini. Sungura hutengeneza, ndiyo maana chakula cha dukani cha sungura peke yake hakimtoshi. Simbilisi akikosa vitamini hiyo kwa wiki mbili hivi, manyoya husimama, viungo huvimba, anachechemea, na watu hudhani amekanyagwa. Jani moja kubwa la sukuma wiki mbichi kwa siku, kama gramu 30, linamtosha hata mwenye mimba. Kipande cha pera pia kinafaa. Shibe itoke kwenye matete, majani ya viazi vitamu na kishona nguo. Kiangazi, panda sukuma wiki karibu na maji ya kuoshea vyombo, maana nyasi kavu hazina vitamini C ya kutosha. Usiwape majani ya mparachichi, ya viazi mviringo, wala ya muhogo mabichi.

Usiwachanganye na sungura. Mateke ni jambo dogo. Sungura anaweza kubeba vijidudu vya mapafu bila kuugua, vikamuua simbilisi.

Jihadhari pia na dawa. Penisilini na amoksisilini, ambazo wengi hununua haraka wakiona kidonda au mafua, huua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi. Anaharisha na kufa kwa dawa, si kwa ugonjwa. Mwambie daktari wa mifugo kwamba mgonjwa ni simbilisi kabla hajachagua chupa.